Talaka Iliyotundikwa Mlangoni mwa Hilali

Uweso fundi cherehani alikuwa amebakiwa na talaka moja tu, na hiyo aliitundika kwenye mlango wa sinema.

Mbili za mwanzo alikwisha kuzitumia ujanani, tena kwa upuuzi. Ya kwanza ilitoka kwa sababu ya samaki aliyeungua. Ya pili ilitoka kwa sababu ya shemeji yake, aliyekuja kutembea akakaa mwezi mtukufu mzima, anafuturu kuliko mwenye nyumba. Kila mara ulimi wa Uweso ulimtangulia, na kila mara alijuta kabla jua halijachwa, akamrejea mkewe Mwatumu kwa kanga mpya na macho ya kuomba radhi. Mwatumu naye alirudi, maana alimpenda, na alijua kuwa hasira za mumewe ni za karatasi, zinawaka na kuzimika hapo hapo. Lakini sheria haiulizi hasira ilikuwa ya karatasi au ya gogo. Ya kwanza ina kurejeana, ya pili ina kurejeana, ya tatu haina, mpaka mke aolewe kwanza na mume mwingine, akae naye, waachane. Huko hakuna mtu mwenye akili zake anayetaka kufika.

Hiyo ya tatu aliitundika mwaka ule vita vya pili vya Wazungu vilipokwisha. Wakati huo Hilali ndiyo ilikuwa sinema ya mtaa wa Ngamiani, mali ya Mhindi mmoja akiitwa Jivraj. Lilikuwa jumba la bati, refu, lisilo na dirisha hata moja, lililojengwa tangu picha zikiwa bubu, mtu akisimama pembeni kuwapigia watu kelele nani ni nani na nani anamhaini nani. Baadaye picha zikaanza kusema zenyewe, na yule mpiga kelele akaenda kuuza mkaa. Siku nyingine zote Hilali ilikuwa ya wanaume, lakini Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake watupu. Mlango ulifungwa, mwanamume akawa haruhusiwi hata kupumzika barazani, na wanawake wa Ngamiani, na wengine kutoka Mabawa kwa miguu, wakamiminika na mabuibui yao, watoto wao, na vikapu vya visheti. Humo ndani walijifunua, wakakaa watakavyo, wakawalilia watu wa Bombay na wa Misri kama waliozaliwa nao tumbo moja.

Mwatumu na shoga yake Semeni, aliyepakana naye ua, hawakukosa Jumatano hata moja. Ilikuwa ndiyo furaha yao ya wiki, na mimi sioni ubaya wake. Mwanamke anayepika, anayefua, anayechota maji na kusikiliza cherehani ikilia kutwa nzima barazani kwake ana haki ya kukaa mahali penye giza akalia kwa ajili ya shida za mtu mwingine.

Basi Jumatano moja picha ilirefuka. Na siku hiyo hiyo Uweso akajiwa na wageni kutoka Pangani, watu wazito, ndugu za baba yake, bila ya taarifa. Wakakaa barazani wakitazamana. Jiko halina moto, wali haujapikwa, na mwenye nyumba anazungusha gurudumu la cherehani bila nguo chini ya sindano, ili mikono isikose la kufanya. Magharibi ikikaribia, Mwatumu akatokea kwenye kona, buibui limeteleza, uso umechangamka, anaimba. Angekuja kimya pengine yangekwisha kwa kununa. Uweso akasimama mbele ya wageni wake, mishipa ya shingo imemtoka.

"Wallahi Mwatumu, ukilikanyaga tena jumba lile la Hilali, talaka yako ya tatu hiyo!"

Wageni wakasema lahaula. Semeni, aliyekuwa nyuma ya mwenzake hatua chache, akaziba mdomo kwa mkono. Na Uweso mwenyewe, mnaweza kukisia, kesho yake alfajiri alikuwa kwa Shekhe Kombo, mwalimu wa msikiti wao, kuuliza neno lile linaondolewaje. Akajibiwa kuwa haliondolewi. Neno la namna hiyo likishatundikwa limetundikwa. Mke asiingie, basi, na mume ajifunze kufunga kinywa. Nusu ya ushauri huo Uweso aliishika kweli. Tangu siku ile hakumtamkia mkewe talaka wala kwa mzaha, na akikasirika alitoka nje akafoka peke yake kwenye mwarobaini.

Mwatumu hakuingia. Jumatano aliwasikia wenzake wakipita kwa vicheko, akajikaza, akatwanga. Akienda sokoni alipita ng'ambo ya barabara, asije akajikwaa kidole kikagusa kizingiti. Miaka ikaenda. Mjini kule ikafunguliwa sinema mpya, ya matofali, yenye viti vya kukunja na mapangaboi, na watu wakaihama Hilali kama wanavyohama harusi iliyoishiwa pilau. Jivraj akafunga. Jumba likawa ghala la mbata, mtaa mzima ukanuka nazi iliyooza. Mwaka wa njaa likajazwa mahindi. Baada ya mahindi wakaingia vijana wa dansi na magitaa yao, wakafukuzwa na wazee wa mtaa kabla hawajajifunza wimbo wa pili. Kisha likakaa tupu, mali ya popo.

Katika yote hayo Mwatumu hakujishughulisha nalo. Hakuwa na mbata ya kuhifadhi, wala hakuwa mtu wa dansi. Jumba na lilale na talaka yake.

Lakini likaja kukodiwa liwe kliniki ya mama na watoto. Wakapaka chokaa, wakatoboa madirisha, wakaleta mizani na mapazia na nesi mmoja kutoka milima ya Usambara, Dorkasi jina lake, mwanamke mfupi, Mkristo wa Kilutheri, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Kitundu alichokaa mkata tiketi kikawa cha kutolea dawa. Viti vya zamani viliachwa mlemle, na sakafu ikabaki na mteremko wake, ikawa beseni la maji ukiliweka huku unalikuta kule. Nesi Dorkasi alitia matofali chini ya miguu miwili ya kila meza, mambo yakaenda. Wanawake waliokuwa wakibeba visheti sasa wakabeba watoto wenye homa, na mdomoni mwao jina halikubadilika. "Nampeleka mtoto Hilali," walisema, na hakuna aliyewacheka.

Na ndipo Sabiha, binti wa pekee wa Uweso na Mwatumu, akapata mimba yake ya kwanza.

Sabiha aliolewa na Miraji, kijana wa relini, wakakaa barabara ya tatu kutoka kwa wazee. Kila alipokwenda kupimwa mamake alimsindikiza, lakini wakikaribia Hilali alisimama ng'ambo, mbele ya duka la mafuta ya taa, akangoja. Sabiha alikuwa mdogo wakati wa talaka ile, hakuambiwa, na ni nani atakayemwambia binti yake jambo kama hilo? Nesi Dorkasi alimwona yule mama aliyejitanda vizuri akingoja juani, mwezi baada ya mwezi, akaamua moyoni mwake kuwa ni mwanamke wa kujivuna anayeona kinyaa kukaa na wenzake. Mwatumu aliliona jicho lile la lawama. Alinyamaza, kwa sababu jawabu lake lingekuwa refu mno kwa mtu wa ng'ambo ya barabara.

Asubuhi moja Sabiha aliingia kupimwa, hakutoka. Uchungu ulimkamata mlemle. Mwatumu akangoja, akasoma kila dua aliyoijua, akazirudia. Semeni akapita kutoka sokoni, akamkuta, akaweka kapu chini akangoja naye. Wakasikia sauti ya Sabiha. Mwanzo ilikuwa sauti ya mtu anayejizuia. Baadaye haikujizuia tena.

Nesi Dorkasi akatokea mlangoni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Mama! Mama wa Sabiha! Njoo!"

"Kuna nini?"

"Mtoto amekaa vibaya. Nimeagiza gari la hospitali, halijafika, na silingoji. Nataka mtu wa kumshika mabegani asijirushe, na anakutaka wewe. Njoo!"

"Nitakuja mimi," Semeni akasema mbio, "mimi ni mamake vilevile, nimemlea..."

Kutoka ndani Sabiha akalia, "Mama! Mama, we uko wapi?"

Kizingiti cha Hilali ni ubao tu, umelika katikati kwa nyayo za watu. Mwatumu alivuka barabara akasimama mbele yake. Aliiona miaka yake yote na Uweso, nyumba yao, kitanda chao, cherehani ikilia barazani, yule mwanamume mwenye ulimi mwepesi ambaye kila usiku wa baridi humsogezea blanketi akidhani mkewe amelala. Alijua hasa anachokifanya. Hakujikwaa, hakusahau, hakusukumwa. Semeni alimshika buibui, naye akalichomoa mkononi mwake.

"Niache, Semeni. Mume ni mume, lakini huyu ni mwanangu."

Akalikanyaga jumba.

Adhuhuri ikiadhiniwa mtoto alizaliwa, wa kiume, wa buluu kwanza, kisha Nesi Dorkasi akampiga vikofi akawa mwekundu na mwenye hasira. Sabiha alikuwa mzima. Gari la hospitali lilipofika, daktari alimtazama, akasema hakuna haja ya kumhamisha, alale palepale siku mbili. Mwatumu alimwosha mjukuu wake, na Miraji akaitwa mbio kutoka relini kumwadhinia. Mwatumu akambusu binti yake kipajini. Kisha akatoka nje, akamshika Semeni mkono.

"Nimeingia," akasema. "Semeni, nimeachika."

Hakurudi kwake. Atarudije kwa mwanamume ambaye pengine si mumewe tena? Alikwenda nyumbani kwa Semeni, akakaa chumba cha uani, akajitanda kama mtu aliye kwa watu baki. Kupitia ukuta wa makuti aliisikia cherehani ya Uweso ikienda trrr, trrr, haina habari. Ndiyo sauti iliyomuuma kuliko zote.

Semeni ndiye aliyepeleka habari, na alizipeleka kwa mpangilio aliouona mwema.

"Shemeji, hongera, umepata mjukuu wa kiume."

Uweso akaruka, akasema alhamdulillahi, akatafuta viatu, akakitafuta kiatu kimoja ambacho kilikuwa mguuni.

"Na Sabiha mzima. Ilikuwa shida kidogo, mkeo akaingia kumsaidia."

"Vizuri, vizuri sana. Aliingia wapi?"

"Hilali."

Wanasema watu waliokuwapo kwamba Uweso alikaa tena kwenye kigoda chake polepole, akaweka mikono juu ya meza ya cherehani, akaitazama. Aliyemjua alidhani sasa atawaka. Hakuwaka. Chozi lilidondoka likaangukia kwenye kanzu ya mteja, naye akalifuta haraka kwa kiganja lisije likaacha alama. Kisha akaenda mpaka kwenye mlango wa Semeni, hakuvuka, akasema kwa sauti ya chini kwenye ule mlango uliofungwa, "Mama Sabiha, umefanya vizuri. Ningekuwa wewe ningeingia." Mwatumu alimsikia. Na alfajiri iliyofuata Uweso alikuwa kwa Shekhe Kombo kwa mara ya pili katika maisha yake kwa ajili ya neno lile lile.

Shekhe Kombo alikuwa amezeeka sasa, mwembamba, mwenye kutafuna tambuu na kuchukia kuombwa aamue mambo akiwa amekaa kitako. Alisikiliza mwanzo hadi mwisho.

"Ilikuwa dharura, Shekhe," akasema Semeni, aliyekuja kama shahidi. Mwatumu alikuwa nyuma yake, amejifunika gubigubi. "Binti alikuwa anakufa."

"Dharura inamwondolea dhambi," akajibu Shekhe Kombo, "na dhambi hana, ana thawabu. Talaka ni jambo jingine. Fundi, ulisema maneno gani? Yale yale, usiyapambe."

"Nilisema, akiikanyaga tena Hilali..."

"Hukusema hivyo," Semeni akamkatiza, na papo hapo akatamani kujiuma ulimi. Lakini shahidi ni shahidi. "Alisema jumba lile. 'Ukilikanyaga tena jumba lile la Hilali.' Nilikuwapo."

Moyo wa Mwatumu ukashuka. Jumba! Na jumba liko palepale, bati lile lile, ubao wa mlango ule ule. Mbata na mahindi vimepita ndani yake, jumba halikwenda popote.

Shekhe Kombo akatema tambuu, akasukutua, akachukua bakora yake. "Twendeni nikalione hilo jumba," akasema. "Siamui juu ya mlango nisioujua."

Wakaenda. Nesi Dorkasi alipoona shekhe, fundi cherehani na wanawake wawili wanamjia kwa safu, alidhani wamekuja kulalamika. Alipoelezwa alikunja mikono, akamtazama Mwatumu kwa muda mrefu.

"Miezi yote ile uliyosimama juani," akasema, "kumbe ni hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Nesi."

"Nami nikakuona mwenye majivuno. Nisamehe, mama." Akawageukia wanaume. "Ingieni. Lakini polepole, wako watu wamelala. Na Shekhe, angalia sakafu, ina mteremko, mtu akiingia kwa kasi anafika mbele kabla hajataka."

Uweso akasimama mlangoni. Miguu ilimkatalia kama ilivyomkatalia mkewe miaka yote.

"Ingia," akasema Shekhe Kombo. "Sharti lilikuwa juu yake, si juu yako."

"Ni kwamba sijawahi kuingia, Shekhe. Hata siku moja."

"Hata siku moja? Na ndimo ulimoitia talaka ya tatu?"

Uweso akainamisha kichwa, akaingia. Ndani mlikuwa na nuru ya asubuhi kutoka kwenye madirisha yaliyotobolewa, na harufu ya dawa na maziwa. Safu za viti zilielekea mbele, wanawake watatu wanne wamekaa na watoto wao wakingoja, wakageuza vichwa kuona mgeni wa namna ile. Pazia lilikuwa limefunguliwa kidogo, na Sabiha amelala nyuma yake, amegeuza uso kuwatazama wazee wake asielewe kitu.

Shekhe Kombo alikwenda akirudi, akagonga ukuta kwa bakora, akachungulia kitundu cha dawa. Kisha akamsimamisha Uweso katikati ya jumba.

"Sikiliza, fundi, na usinijibu haraka, maana kwa haraka ndiyo umefika hapa. Neno linafuata nia ya aliyelitamka. Kama ulikusudia jumba hili, bati na boriti zake, mkeo asiweke mguu ndani yake liwe na nini lisiwe na nini, basi ameachika jana, na mimi sina dawa. Kama ulikusudia kitu kilichokuwamo, tutaangalia kama kimo. Nia ni yako, aijuaye ni wewe na Mola wako. Ukinidanganya utampata mke leo, na kila siku utakayoishi naye itakuwa haramu. Ulikusudia nini?"

Hapakuwa na sauti ila ya mtoto mmoja akinyonya. Mwatumu aliyafumba macho yake chini ya ukaya. Alikuwa anamjua mumewe. Alijua kwamba hatasema uongo mbele ya Mungu, hata kwa ajili yake, na alimpenda kwa hilo, na alilichukia hilo saa ile kwa moyo wake wote. Maana yeye mwenyewe siku zote aliamini kuwa Uweso alilichukia jumba, jumba lenyewe, hata moshi wa mtambo wake wa picha. Sema, akaomba kimoyomoyo. Sema chochote, tumalize.

Uweso alipangusa jasho. Halafu akasema kwa sauti ambayo hata watoto hawakuiogopa:

"Nilikuwa nina wivu."

"Wa nani?"

"Wa yule mwanamume."

Semeni akashtuka. Mwatumu akafumbua macho. Mwanamume! Humu hamkuwa na mwanamume hata wa kufagia, Jumatano.

"Mwanamume gani?" Shekhe akauliza kwa ukali.

"Wa kwenye picha," akasema Uweso. "Simjui jina. Kila Jumatano walimleta nyumbani kwa maneno, mke wangu na Semeni, uani. Macho yake, sauti yake, namna alivyompigia magoti yule mwanamke. Nami niko barazani nashona, nasikia yote. Siku ile sikuudhika kwa wali, Shekhe. Wageni wale wangengoja. Niliudhika kwa kuwa alirudi anaimba, na mimi kwangu hajawahi kuimba hata siku moja. Nikataka asimwone tena yule mtu. Jumba nililitaja kwa kuwa ndimo alimokaa. Wallahi hiyo ndiyo nia yangu, na kama inaniachisha mke basi iniachishe."

Mwanamke mmoja kwenye viti alicheka, akaziba mdomo kwa kichwa cha mtoto wake. Shekhe Kombo hakucheka, ingawa ndevu zilimcheza.

"Ulipata kumwona mtu huyo?"

"Nitamwonea wapi?"

"Mama," Shekhe akamwambia Mwatumu, "muonyeshe. Alikuwa anakaa wapi?"

Mwatumu akainua mkono. Akaonyesha mbele, kule sakafu inakoishia.

"Pale. Kwenye ukuta."

Uweso alitazama. Alitegemea nini, sijui; pengine jukwaa, mapazia ya zari, kiti cha kifalme. Palikuwa na ukuta. Ukuta wa chokaa, una ufa upande mmoja, na katikati yake msumari mkubwa ulioning'iniziwa mizani. Aliteremka na mteremko mpaka akaufikia, akauwekea kiganja, chokaa ikamshika vidoleni.

"Huu?" akauliza. "Huu tu?"

"Huo tu," akasema Mwatumu. "Mwanga ulitoka nyuma ukapiga hapo. Ukizimwa hapana kitu."

Nesi Dorkasi alikuwa na kazi zake, na hakuona sababu ya kuziahirisha kwa ajili ya fatwa. Alimtoa mtoto wa Sabiha nyuma ya pazia, akamtia kwenye kitambaa cha mizani, akamning'iniza pale pale ukutani mbele ya pua ya babu yake. Mtoto akapiga mateke, akafungua kinywa kisicho na jino, akalia kwa nguvu zote.

"Fundi," akasema Shekhe Kombo, "tazama vizuri mbele yako. Yule mwanamume yumo?"

"Hayumo," akasema Uweso. "Yumo mjukuu wangu."

"Basi ulichokikataza hakimo, na mkeo hakukiingilia. Talaka haikuanguka. Mkeo ni mkeo, kama alivyokuwa juzi." Akainua kidole kabla furaha haijatapakaa. "Lakini siku picha zikirudi humu, neno lako lingalipo."

"Hazirudi," akasema Nesi Dorkasi akisoma mizani. "Wanawake wa Ngamiani hawajaonyesha dalili ya kuacha kuzaa."

Semeni akapiga kigelegele, kikagonga bati juu kikarudi, na wale wa kwenye viti wakampokea, hata wasiojua kisa wakapiga. Mwatumu hakuweza. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu, akaufunua uso wake, akavuta pumzi, akaishusha yote, pumzi ya jana na ya miaka yote ya kupita ng'ambo ya barabara. Alilia na kucheka pamoja, na hakuona haya. Shekhe Kombo akageukia dirisha, akajitia kutazama barabara.

Uweso alipanda ule mteremko mpaka alipokaa mkewe, kiganja kingali cheupe kwa chokaa.

"Baba Sabiha," akasema Mwatumu.

"Naam."

"Kumbe ulitaka niimbe?"

Uweso akatikisa kichwa kukubali, kama mtoto aliyeulizwa kama ana njaa.

"Ungesema," akasema Mwatumu. "Miaka yote ile, ungesema tu."